Taabu ya Hiari



Akina mama na akina baba mnaotusoma huko pwani, mwezi wa Disemba uliopita jirani yetu alitujia magharibi, akatuomba tusilale tena baada ya swala ya alfajiri. Tunakaa Noonkopir, kituo ambacho wengi wenu mwakijua kwa jina la Kitengela, katika kaunti ya Kajiado. Huu ni mwaka wa saba tangu tulipoitwa kuja kuwasomesha watoto wa Kiislamu wa hapa. Jirani huyo ni mama wa Kimaasai, mjane, mwenye ng'ombe wachache na kibanda cha mboga kando ya njia ya Namanga. Mwanawe mkubwa, kijana wa miaka 16, alikuwa anatahiriwa, naye alitaka kila anayemjua awepo, hata sheikh.

Tulipelekwa kwa pikipiki hadi bomani kwa shemeji yake, huko ambako nyumba za mawe humalizika na mbuga huanza. Jua lilikuwa halijatoka. Kijana alimwagiwa maji yaliyolala nje usiku kucha, na ndani ya maji hayo mlikuwa na shoka, ili yazidi kuwa baridi, kama ilivyo ada yao. Kisha akaketi juu ya ngozi ya ng'ombe penye lango la zizi. Wanaume tulimzunguka. Jambo tulilolitambua upesi ni kwamba hakuna aliyeutazama mkono wa ngariba. Wote walikuwa wanamtazama kijana usoni. Kope zingetikisika, wangeona. Hazikutikisika. Mambo yalipokwisha zilipigwa kelele za furaha, na mjomba mmoja akataja ndama atakayempa.

Mama yake hakuwapo pale, kwani si mahali pa wanawake. Alikuwa ndani, amekaa kitandani, mikono ameishika pamoja. Tulimpa mkono wa pongezi, na kwa kuwa twamzoea tukamwuliza kama hospitali haikuwa njia nyepesi, maana tunajua vijana wengi wa Kitengela siku hizi hupelekwa huko. Akasema, "Maalim, nilimwambia. Nilimwambia kuna daktari, kuna sindano ya ganzi, hutasikia kitu. Akanijibu, yeyo, huko nani ataniona?"

Neno hilo tulirudi nalo nyumbani. Sisi tulitahiriwa tukiwa wadogo, hatukuulizwa, na tulilia mpaka sauti ikakauka. Wala hapana aliyetudharau. Huyu ameonyeshwa mlango usio na maumivu, akauacha wazi na kupita mlango mwingine. Binadamu ameumbwa akiyakimbia maumivu. Mtoto mchanga akiguswa na moto huuvuta mkono pasina kufundishwa. Je, ni nini kinachomfanya mtu mzima mwenye akili zake ayaendee kwa miguu yake?

Tusidhani ni mambo ya Wamaasai peke yao. Mkumbuke watoto wetu wanavyotoka madrasa jioni wakakimbilia ubuyu wa pilipili, wakala huku machozi yanawatoka na pua zinawavuja, kisha wakanyoosha mkono kutaka tena. Embe mbichi ya ufukweni haiuziki bila ya pilipili. Yuko mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Rozin wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambaye alilichukua jambo hili kwa uzito. Alikwenda Meksiko, katika kijiji ambacho watu wote hula pilipili kila siku, akataka kujua kama wanyama wao nao huipenda, maana hula mabaki ya vyakula hivyohivyo. Akawawekea mbwa na nguruwe wa pale biskuti zenye pilipili na zisizo nayo. Wanyama wakachagua zisizo nayo. (Mtatuwia radhi kwa kumtaja mnyama wa pili, ndivyo utafiti ulivyokuwa.) Rozin akaona kwamba ladha ya maumivu ni ya mwanadamu. Mwili hupiga kelele za hatari, lakini akili inajua kuwa hatari haipo, na mtu huona raha katika kule kuushinda mwili wake. Amekuwa bwana juu ya kelele zake mwenyewe.

Utafiti mwingine ulichapishwa mwaka 2014 na Timothy Wilson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia. Watu waliwekwa mmojammoja katika chumba kitupu kwa dakika 15, hawana simu wala kitabu, wakaambiwa wakae na fikira zao. Palikuwa na kitufe, ukikibonyeza chakupiga shoti ya umeme. Walikuwa wamekwisha kuionja shoti hiyo, na wakasema kuwa wangetoa fedha ili wasipigwe tena. Hata hivyo, katika wanaume 18, wanaume 12 walijipiga wenyewe walipoachwa peke yao. Katika wanawake 24, waliojipiga ni 6. Akina mama, hesabu hiyo tunawaachieni mwitumie majumbani mtakavyo. Sisi tulichokiona humo ni kwamba moyo mtupu ni mzito kuubeba kuliko maumivu. Mtu asiye na la kufanya wala la kukumbuka atatafuta la kumwuma, mradi ahisi kuwa yupo.

Lakini kijana wa jirani yetu hakuwa mtupu, wala hakuwa akicheza. Yeye alitaka kuonwa. Na huku Kajiado yapo mengine yanayoonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Zamani moran alijipatia jina kwa kumwua simba kwa mkuki. Simba wakapungua, serikali ikakataza, na wazee wenyewe wakaona kuwa mwendo huo hauna mbele. Basi mwaka 2012, katika upande wa Kimana, karibu na mbuga ya Amboseli, yakaanzishwa mashindano yaitwayo Olimpiki za Wamaasai: mbio fupi na ndefu, kutupa mkuki, kutupa rungu, na kuruka juu kwa namna ya Kimaasai. Wasichana nao wana mbio zao. Mlezi wao ni David Rudisha, Mmaasai aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 kule London mwaka huohuo kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Vijana hawakuambiwa waache taabu wakae kitako. Walipewa taabu nyingine, yenye mashahidi vilevile, na isiyomwaga damu ya mtu wala ya mnyama. Twaiona busara kubwa katika jambo hilo, na twatamani wenye kusimamia vijana wetu wa Mombasa na Malindi, wanaotafuta kuonwa kwa mapanga, wangelitazama kwa makini.

Yako pia maradhi ndani ya jambo hili, nasi yatupasa tuanze na letu. Sisi tulisomea chuoni, na chuoni tulichapwa. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alikuwa na bakora ya mpera, na kosa la irabu moja lilikuwa na bei yake. Miaka mingi tumekaa mabarazani na wenzetu wa rika tukisema kwa fahari, "Tulichapwa sisi, ndipo tukajua." Tumewaambia wazazi hivyo. Kisha tukasoma habari za uchunguzi wa mwaka 1959 wa Elliot Aronson na Judson Mills, nao pia ni wa Marekani. Waliwafanya watu waingie katika kikundi cha mazungumzo kwa njia tatu: wengine kwa jaribio gumu la kuwaaibisha, wengine kwa jaribio jepesi, wengine bila jaribio lolote. Mazungumzo yenyewe yalikuwa yamepangwa makusudi yawe ya kuchosha, yasiyo na faida. Walioingia kwa taabu kubwa ndio waliosema kuwa kikundi ni kizuri.

Tulipolisoma hilo tulikifunga kitabu, tukatoka nje kuota jua. Je, bakora ndiyo iliyotufundisha Qur'ani, au ni sisi tuliompenda mwalimu na bakora yake kwa sababu hatukuweza kukubali kwamba tuliumia bure? Hadi leo hatuna jibu kamili. Tunajua tu kwamba katika darasa letu la Noonkopir hamna bakora tangu mwaka huo, na watoto wanahifadhi.

Liko na jambo ambalo halimo kabisa katika taabu ya hiari, ingawa mara nyingi hufungwa ndani ya kitambaa kimoja nayo. Kijana anaweza kusema ndiyo au la. Msichana anayeshikwa na mikono ya shangazi zake akakeketwa hakuchagua chochote, hata akiambiwa kwamba huo ndio ushujaa wake. Nchi yetu ilitunga sheria ya kulikataza jambo hilo mwaka 2011, nasi twaiunga mkono waziwazi. Mama jirani anao mabinti wawili. Hao hawakuguswa, na amegombana na watu kwa ajili hiyo.

Mpaka hapa tumesema habari za wengine, na tungaliweza kuishia hapo. Lakini makala haya tulianza kuyaandika kwa sababu nyingine.

Mwezi wa Rajabu ahali yetu alikwenda hospitali kwa ajili ya sukari, ugonjwa alio nao miaka tisa sasa. Daktari alimwambia asifunge Ramadhani hii, wala asidhani kwamba ataifunga ijayo. Alimwandikia. Karatasi ile ahali yetu aliitia ndani ya foronya ya mto wake, akatwambia daktari amesema mambo ni mazuri, alhamdulillah. Nasi tukafurahi, wala hatukuuliza zaidi. Kutouliza kwetu mkuweke akilini.

Akafunga. Siku ya kumi na saba ya Ramadhani, baada ya alasiri, alitoka nje kupokea maji. Noonkopir maji ya kunywa hununuliwa. Huletwa kwa mkokoteni, mitungi ya lita 20, hushushwa mlangoni, na mwenye nyumba huyaingiza mwenyewe. Aliinua mtungi wa pili, akaketi chini. Mama jirani alimwona kutoka kibandani, akadhani anapumzika. Kisha akaona kuwa anasema maneno yasiyoeleweka, jasho linamtoka, na mikono inamtetemeka. Alimjua kuwa ni mgonjwa wa sukari, kwani wanawake huambiana mambo ambayo waume hawaambiwi. Akakoroga chai yenye sukari tele, akamnywesha kidogo kidogo, akamwita mwenye pikipiki. Sisi wakati huo tulikuwa msikitini, tumekaa mbele ya watu, tunadarasisha. Mada yetu, Mungu atusamehe, ilikuwa subira ya wanawake wema.

Alipona. Tunalisema mapema ili msihangaike.

Usiku wa tatu baada ya kurudi nyumbani tulimwuliza kwa nini amefanya vile. Tulikuwa na hasira kidogo, hatukatai, na tulikuwa na dalili zetu tayari. Tukamkumbusha kuwa ruhusa ya mgonjwa imo katika aya zilezile zilizofaradhisha saumu. Tukamkumbusha kuwa aliye na maradhi yasiyotarajiwa kupona hutoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku, na deni lake limekwisha. Tukamsimulia kisa cha yule mtu ambaye Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alimwona amesimama juani siku ya khutuba. Akaambiwa kwamba huyo ameweka nadhiri kuwa atasimama, hataketi, hatakaa kivulini, hatasema na mtu, na atafunga. Mtume akaamrisha aseme, akae kivulini, aketi, ila saumu yake aitimize. Yaani ile taabu yenye maana ameachiwa, na zile alizojitwisha za ziada, zisizomfaa yeye wala mwingine, ameondolewa. Tukaona tumemaliza.

Ahali yetu alisikiliza mpaka mwisho. Ni binti wa ukoo wa watu wa elimu kule Lamu, na kisa hicho alikijua kabla hajatujua sisi. Akasema, "Maalim, hayo yote nayajua. Nilikuwa nikiyajua nikifunga."

Tukanyamaza.

Akaendelea, polepole, kama mtu anayehesabu. Alisema kwamba katika maisha yake mambo mengi mazito yamemjia bila yeye kuulizwa. Kuzaa mara sita, na kuzika mmoja. Sukari. Na Noonkopir. "Wewe ulikuja huku kwa kupenda," alisema. "Baridi ya Julai ukiihisi, waihesabu ni jihadi yako. Vumbi ni lako, watu watakushukuru, wanakuita shekhe aliyeacha bahari kwa ajili ya watoto wa bara. Mimi nilifungishwa mizigo. Baridi ni ileile, lakini kwangu haina jina." Kisha akasema neno ambalo hatukulitarajia: kwamba saumu ndiyo taabu pekee aliyokuwa akijichagulia mwenyewe kila alfajiri. Jua likitua huona kwamba ameshinda kitu. Daktari alipoiondoa, hakuona kuwa amepunguziwa mzigo. Aliona kwamba amenyang'anywa kile kimoja kilichokuwa chake.

Tumesomesha miaka thelathini, na sura ya subira tunaijua mbele na nyuma. Lakini usiku ule tulitambua kwamba katika nyumba yetu watu wawili walikuwa wakiishi katika shida moja, mmoja ameichagua na mwenzake amechaguliwa, na kwamba aliyeichagua ndiye aliyekuwa akimwusia mwenzake kuvumilia. Yule kijana wa jirani alikataa sindano ya ganzi ili aonwe. Ahali yetu alificha karatasi ya daktari kwa sababu ya namna hiyohiyo, ila yeye hakuwa na duara la watu lililomzunguka, wala mjomba wa kutaja ndama. Hata mtu mmoja wa kumtazama usoni hakuwa naye. Mtu huyo alikuwa awe ni sisi.

Baadaye, ni yeye aliyekitaja kisa cha kamba. Mnakijua: Mtume aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza, akaambiwa ni ya Bibi Zainab, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Akichoka kusimama katika swala huishika. Mtume akaamrisha ifunguliwe, kwamba mtu aswali akiwa na nguvu zake, na akichoka aketi. Sisi kila tulipokisomesha kisa hiki tulikisomesha kama onyo dhidi ya kupita mipaka. Ahali yetu alisema yeye tangu utotoni alikuwa akifikiri jambo jingine, kwamba Mtume aliiona kamba. Aliingia, akaiona, akauliza ni ya nani.

Sasa ni mwezi wa Juni. Fidia ya siku zilizobaki na za zilizopita tumeipeleka kwa familia mbili za hapa, ahali yetu mwenyewe ndiye aliyezichagua na akapima mchele kwa mkono wake. Alifajiri huamka nasi, akamaliza uradi wake hutoka kutembea na mama jirani hadi ukingo wa mbuga na kurudi, kiasi cha saa nzima, hata siku za ukungu. Daktari ameliafiki. Akirudi, miguu imejaa udongo mweusi, hutueleza amefika wapi leo, nasi tumejifunza kuacha kitabu na kusikiliza. Mwenye mkokoteni tumepatana naye aingize mitungi mpaka jikoni, kwa shilingi kidogo zaidi. Jambo hilo lingeweza kufanyika mwaka wa kwanza.

Na tumemwuliza lile ambalo hatukumwuliza miaka saba iliyopita: je, tubaki Noonkopir, au turudi Lamu? Tumemwambia jibu lolote atakalolitoa tutalichukua. Alitutazama kwa muda, akasema asiharakishwe, anataka kufikiri, na kwamba huenda asijibu kama tunavyodhani, maana yuko mwanafunzi wake mmoja wa kike anayekaribia kuhitimu juzuu ya kumi. Shule zinafungwa mwezi wa Agosti. Hajatujibu bado.